Nuru Isiyoonwa na Jicho Lolote

Neno "hayakuhusu" ni fupi, lakini limefunga milango mingi kuliko makufuli yote ya Mombasa. Huambiwa mtoto aulizapo habari za wakubwa, mwanamke aulizapo habari za shamba la marehemu baba yake, mvuvi aulizapo habari za bandari. Msomaji, nimeshika kalamu ili nilipinge neno hilo mahali ambapo watu wengi, na pengine wewe pia, hudhani kuwa ni halali kulitumia, nako ni katika elimu ya anga. Nasema kwamba elimu hiyo ni haki ya kila mtu, mwenye macho na asiye na macho. Kwamba haiwezi kumfikia kila mtu bila ya msaada wa sanaa. Na kwamba sanaa haitaweza kutoa msaada huo mpaka sheria na fedha za umma ziipe nafasi. Anayeona kuwa sanaa, sheria na nyota ni mambo matatu yasiyojuana, na anifuate kwanza mpaka Bamburi.

Tarehe 7 Septemba 2025, usiku wa Jumapili, mwezi ulipatwa. Yapata saa moja na nusu kivuli cha dunia kilianza kuula upande mmoja. Saa mbili na nusu ulikuwa umezama wote kivulini, na ulikaa humo dakika 82, rangi yake kama shaba iliyotoka motoni. Ufuko wa Bamburi ulikuwa na watu wa Kiembeni, wa Mtopanga na wa Utange, wengine wametoka msikitini kusali sala ya kupatwa kwa mwezi, wengine wamekuja kwa ajili ya upepo tu. Bwana mmoja msomi alikuwa ameleta darubini yake, akawaruhusu watu wachungulie mmoja mmoja bila ya malipo. Lazima nimpe sifa yake, maana wenye darubini ni wachache, na wenye kuwagawia wengine ni wachache zaidi. Katika safu alisimama binti wa miaka 13 hivi, mtoto wa mama auzaye mihogo ya kuchoma ufukoni hapo. Binti huyo haoni tangu utotoni. Zamu yake ilipofika, yule bwana alimshika bega akamwambia kwa sauti ya upole, "Mwanangu, haya hayakuhusu. Wapishe wenzako." Watu walinyamaza. Mimi nilikuwa wa tatu nyuma yake, na mimi nilinyamaza vile vile.

Mama yake hakunyamaza. Aliita kutoka penye jiko lake, "Njoo hapa, mamangu, keti." Akamketisha uso ukielekea makaa. "Moto huu ni jua. Uso wako ndio mwezi. Na huu," akatwaa ungo, "ndiyo dunia tunayoikalia." Akaupitisha ungo polepole baina ya moto na uso wa mwanawe. Binti akasema joto limemtoka shavu la kulia, kisha puani, kisha shavu la kushoto. "Basi sasa wapatwa," mama akasema.

Binti alitulia kidogo, kisha akauliza swali ambalo hapana mtu hata mmoja katika safu ya wenye macho aliyelifikiria. Ikiwa dunia imeliziba jua lote, huo wekundu wanaousifu watu umetoka wapi? Yule bwana aliisikia sauti hiyo, akaiacha darubini yake, akachutama kando ya jiko na kueleza kwa muda wa robo saa. Alisema kuwa dunia imevikwa hewa. Kwamba mwanga wa jua upitao ukingoni mwa dunia hupindwa na hewa hiyo ukaingia ndani ya kivuli. Kwamba rangi ya buluu hutawanyika njiani, na nyekundu ndiyo ipenyayo hata kuufikia mwezi. Mama akaongeza kuwa hata ungo wake huvuja joto pembeni. Niliona yule bwana akicheka na kukubali kwamba mfano wa ungo ulikuwa bora kuliko alivyodhani.

Pengine utasema kuwa hicho ni kisa cha huruma, na kwamba elimu ya nyota kwa asili yake ni ya wenye macho. Hilo ndilo kosa ninalotaka kulivunja, na ushahidi wangu uko katika pwani yetu hii hii. Ukitoka Bamburi ukaifuata barabara ya kaskazini, ukapita Kilifi na Malindi, utafika Ngomeni, kijiji cha wavuvi. Baharini mbele ya kijiji hicho Waitalia walisimika majukwaa ya chuma katika miaka ya 1960, San Marco na mwenzake Santa Rita, kwa mpango wa Profesa Luigi Broglio. Kutoka jukwaa la San Marco zilirushwa setilaiti 9 baina ya mwaka 1967 na 1988. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu ni karibu na ikweta, umbali wa digrii 3 tu upande wa kusini. Dunia ijizungushapo, aliyesimama ikweta huchukuliwa kuelekea mashariki kwa mwendo wa kilomita 1,670 kwa saa bila ya kujijua, na roketi irushwayo kutoka hapo hupewa mwendo huo bure. Mashariki yake ni bahari tupu, isiyo na paa la mtu la kuangukiwa.

Tarehe 12 Desemba 1970, wakati Kenya ilipokuwa ikisherehekea mwaka wa saba wa uhuru wake, chombo kimoja chenye uzito wa kilo 140 hivi kilirushwa kutoka jukwaa hilo. Kilikuwa chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani, na msimamizi wake alikuwa mhandisi mwanamke, Marjorie Townsend. Kwa kuiheshimu siku hiyo na ukarimu wa watu wa Kenya, chombo kilipewa jina la Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza ulimwenguni kuundwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza mionzi ya eksirei itokayo katika nyota. Ilifanya kazi hata mwaka 1973. Orodha ya mwisho iliyotokana na kazi yake ilikuwa na vyanzo 339 vya mionzi hiyo, na mwaka 2002 mwanasayansi aliyeiongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Neno la Kiswahili limeandikwa katika historia ya elimu ya nyota, na halitafutika. Sasa jiulize, wewe uliyesoma historia ya uhuru darasa baada ya darasa, ni mwalimu gani aliyekuambia habari za Uhuru hii ya pili?

Lakini nimekuja kwa jambo jingine. Uhuru iliona nini? Haikuona kitu. Mwanga wa eksirei hauonwi na jicho la mwanadamu yeyote, awe na macho ya tai. Wala haufiki chini, maana hewa huuzuia. Ndani ya chombo kile mlikuwa na visanduku vyenye gesi; kila mwonzi ulioingia uliipiga gesi ile, ukazaa mshtuko mdogo wa umeme, na mshtuko ukahesabiwa. Kilichofika duniani kilikuwa hesabu: pigo, pigo, kimya, pigo. Mwaka 1971 wataalamu walitambua kuwa chanzo kimoja, kiitwacho Centaurus X-3, hutoa mapigo kila baada ya sekunde 4.8, sawasawa kama mpiga ngoma asiyechoka, na baadaye wakatambua kwamba kila baada ya siku 2 na ziada kidogo mapigo hayo hukatika, kwa kuwa nyota kubwa iliyo mwenzake hupita mbele na kukiziba. Kingine, Hercules X-1, hupiga kila baada ya sekunde 1.24. Soma tena sentensi hizo, kisha uniambie ni wapi panapohitajiwa jicho. Mbele ya nuru ile bingwa wa chuo kikuu na binti wa muuza mihogo walikuwa sawa, wote wawili vipofu. Tofauti yao ni kwamba mmoja alitafsiriwa na mwingine hakutafsiriwa.

Hapo ndipo sanaa inapoingia, nayo huingia kwa mlango wa mbele, si kwa dirisha. Zile picha za mbinguni uzionazo magazetini, za zambarau na dhahabu, kama zimetokana na eksirei basi rangi zake zilichaguliwa na mtu aliyeketi mezani, kwa sababu eksirei haina rangi tuijuayo. Kuchagua rangi ili ukweli uonekane ni kazi ya sanaa. Ikiwa ni halali kuutafsiri mwanga usioonekana kuwa zambarau kwa faida ya wenye macho, kwa nini isiwe halali kuutafsiri kuwa sauti kwa faida ya wenye masikio, au kuwa mchongo kwa faida ya vidole? Wengine wamekwisha kufanya hivyo. Tangu mwaka 2020 watu wa Chandra, darubini ya eksirei iliyorushwa angani mwaka 1999, ambayo ni mjukuu wa Uhuru yetu, wamekuwa wakigeuza takwimu zao kuwa sauti, wakishirikiana na wanamuziki. Mwaka 2022 waliwasikilizisha watu mawimbi ya sauti yaliyomo katika gesi ya kundi la galaksi la Perseus, baada ya kuyapandisha oktava 57 na 58 ili sikio liyapate. Wanda Díaz-Merced, mwanamke wa Puerto Rico aliyepoteza uwezo wa kuona alipokuwa mwanafunzi, amekuwa mtaalamu wa nyota kwa kuzisikiliza takwimu zake, na husemwa kuwa sikio lake hukamata mambo ambayo jicho la mwenziwe hupita juu yake. Hakuna aliyemwambia hayakuhusu. Au pengine aliambiwa, akakataa kusikia hilo moja.

Wala usidhani kuwa ni jambo geni tulilokopa juzi. Wazee wa bahari hii walijua. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa Julfar aliyeishi katika karne ya 15, aliandika elimu ya nyota na njia za baharini kwa mashairi, na shairi lake moja lahusu pwani yetu ya Afrika mpaka Sofala. Hakutunga mashairi kwa kupoteza wakati. Usiku wa dhoruba nahodha hawezi kufungua kitabu, lakini shairi alilohifadhi halilowi maji. Kipimo chao, kamali, kilikuwa kibao chenye uzi uliofungwa mafundo. Baharia alikamata uzi kwa meno, akapima kimo cha nyota kwa kuhesabu mafundo. Mkulima wa pwani naye alihesabu mwaka wake kuanzia Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi, na alikitazamia Kilimia apate kujua mvua na kiangazi. Shairi, uzi, mafundo, mavuno. Elimu ya anga ilikuwa katika kinywa na vidole vya watu wa kawaida. Nani basi aliyeiondoa huko na kuipeleka katika chumba chenye kufuli?

Jibu rahisi ni kuwalaumu wageni. Mimi silitaki, kwa sababu lina nusu ya ukweli, na pia kwa sababu hutuachia sisi raha ya kutofanya kitu. Chumba hicho hufungwa kila mwaka kwa mikono yetu wenyewe. Itazame shule yako. Kuna tamasha la muziki na tamasha la drama, ambako wanafunzi hukariri mashairi kwa pamoja, huimba na kucheza ngoma. Kuna maonyesho ya sayansi na uhandisi, ambako wanafunzi wengine husimama kando ya vyombo vyao wakieleza. Ni mara ngapi umewaona hao wakiitana? Na sasa sekondari ya juu imegawanywa njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati huku, sayansi ya jamii kule, sanaa na michezo kwingine. Mtoto wa miaka 15 huambiwa achague njia moja. Najua kuwa kugawanya masomo kuna faida katika kupanga walimu na vyumba. Lakini mtunga ratiba akigawanya vyumba, asidhani kuwa amegawanya ulimwengu. Mtoto atakayechagua ngoma ataambiwa nini kuhusu Centaurus X-3? Ataambiwa neno lile lile.

Katiba yetu ya mwaka 2010 haikugawanya hivyo. Kifungu cha 11 kinapotaja namna ambavyo Serikali itakuza utamaduni wa taifa, huweka fasihi, sanaa, sherehe za jadi, sayansi na maktaba katika sentensi moja, kama ndugu waliokaa mkeka mmoja. Kisha hutambua kazi ya sayansi na teknolojia za kienyeji katika maendeleo ya nchi. Kifungu cha 7 chaifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na chaiamuru Serikali kuendeleza lugha ya ishara ya Kenya na maandishi ya breli. Kifungu cha 54 champa mwenye ulemavu haki ya kufika shuleni na kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine imfaayo. Kwa hiyo naliposema mwanzoni kuwa ni haki, sikutumia neno la mapambo. Shule ya wasioona iko Likoni, katika kaunti hii hii, ng'ambo ya kivuko. Haki ya mwanafunzi wa huko kuzijua nyota zilizovumbuliwa kwa chombo cha Ngomeni imeandikwa. Kilichobaki ni mtu wa kuilipia.

Serikali yetu si ngeni katika mambo ya anga. Tarehe 3 Desemba 1976, mjini Bogotá, Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi za ikweta zilizotia sahihi azimio la kudai kuwa njia ya setilaiti zisizohama, iliyo juu yetu kiasi cha kilomita 36,000, ni mali ya nchi zilizo chini yake. Mataifa mengine hayakulikubali dai hilo. Mimi sicheki, lilikuwa dai la wanyonge mbele ya wenye nguvu, na lilikuwa na hoja. Lakini fikiri jambo hili: tulijua kulidai anga mbele ya mataifa, na hatukujua kuligawa mbele ya watoto wetu. Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia sahihi mapatano mapya juu ya kituo cha Ngomeni, kiitwacho sasa kwa jina la Broglio, na mapatano hayo yalitaja mafunzo. Ni neno jema. Mafunzo ya nani, kwa lugha gani, kwa njia ya jicho tu au pia kwa sikio na kidole? Mwaka 2017 lilianzishwa Shirika la Anga za Juu la Kenya. Tarehe 15 Aprili 2023 setilaiti ya Taifa-1 ilirushwa kutoka California, iliyokusudiwa kutazama mashamba na mazingira yetu. Hayo ni maendeleo, na mwenye haki hayakatai.

Kisha, tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika lilifika, likaeleza kuwa kwa uchunguzi wa awali ni kipande cha roketi. Hakuna aliyeumia, Mungu apewe shukrani. Sasa nauliza, wakati pete ile ilipokuwa ikishuka, je, iliwabagua wasiojua Kiingereza? Iliwapita wasiosoma hisabati? Wakazi wa Mukuku walikuwa wahusika katika mambo ya anga siku ile bila ya kuombwa ruhusa. Anayeweza kuangukiwa na jambo hawezi kuambiwa kuwa jambo hilo halimhusu.

Wapo wanaonipinga kwa hoja ya tumbo. Husema: watu wa Kisauni hununua maji kwa mitungi, nawe wataka watungiwe mashairi ya nyota? Hoja hii naiheshimu kuliko nyingine zote, kwa kuwa hutoka kwa watu waliobeba mitungi. Lakini sikuomba roketi. Roketi zilikwisha kulipiwa, setilaiti imekwisha kulipiwa, ofisi zimekwisha kulipiwa, na nyingine kwa kodi ya huyo huyo mwenye mtungi. Ninachouliza ni kama yeye atapata sehemu yake ya kilichokwisha kununuliwa. Habari za mvua na ukame zinazotokana na picha za angani zikiishia katika ripoti ya Kiingereza mezani mwa afisa, mkulima amelipa bila ya kupokea. Zikitungwa kwa Kiswahili fasaha, zikasomwa redioni, zikachorwa ukutani sokoni Kongowea na ubavuni mwa matatu, ambako macho ya Mombasa yamezoea kusoma, amepokea. Gharama ya mchoraji si kitu mbele ya gharama ya setilaiti.

Wapo pia wasemao kuwa Kiswahili hakiwezi. Kwao sitatumia wino mwingi. Lugha iliyokuwa na Zuhura, Mirihi, Mushtara, Zohali na Utaridi kabla ya babu zao kuzaliwa haihitaji ruhusa yao. Wala kukopa jina si aibu. Hata wao husema "setilaiti".

Upinzani mgumu kuliko huo hutoka kwa wanasayansi wenyewe, ambao huogopa kuwa sanaa itaongopa. Huogopa kuwa mshairi ataufanya mwezi ulie machozi, na mtoto ataamini. Hofu hii ina msingi. Nimesikia nyimbo za shule zilizoliweka jua kuwa lalizunguka dunia kwa ajili ya vina tu. Dawa yake ni kuwaketisha pamoja tangu mwanzo, mwanasayansi akishika ukweli na mwanasanaa akishika njia, kila mmoja akiwa na haki ya kumkatalia mwenzake. Anayeitwa mwishoni kuja kupaka rangi kazi iliyokwisha atapaka rangi tu. Yule mama wa Bamburi hakuongopa hata kidogo. Ungo wake ulikuwa mahali pake hasa, baina ya moto na uso.

Huku kwetu Bamburi tunajua kwamba mahali pasipo pa watu paweza kugeuzwa pakawa pa watu. Machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji yalikuwa jangwa la matumbawe, joto na vumbi. Kuanzia mwaka 1971 René Haller alipanda mivinje humo, akaleta majongoo wale majani yake yaliyokauka na kuyafanya udongo, na leo ni msitu uitwao Haller Park, ambako watoto wa shule huja kwa mabasi kutoka kila upande wa nchi. Haukuota kwa bahati. Mtu aliamua, na fedha zilitolewa. Uliza darasani kwako ni wangapi wamefika Haller Park, kisha uliza ni wangapi wamefika Ngomeni, ukayalinganishe majibu.

Ninalotaka ni kwamba kila shilingi ya umma itumiwayo katika mambo ya anga iambatane na sehemu yake, iliyoandikwa katika bajeti na kukaguliwa kama nyingine, ya kuwalipa washairi, wachongaji, wapiga ngoma, wafasiri wa lugha ya ishara na wachapaji wa breli. Wawe na viti mezani, kwa majina yao, wakati mipango inapofanywa, na miongoni mwao wawemo wasioona na wasiosikia, maana wao ndio wataalamu wa kujua dunia kwa njia nyingine. Tamasha la muziki na maonyesho ya sayansi yakutane angalau siku moja kwa mwaka. Na nyumba moja ya kumbukumbu ya Uhuru ijengwe Ngomeni, ya kugusa na kusikiliza, si ya kutazama tu. Watakaosema kuwa ni mengi na watuonyeshe walichofanya tangu mwaka 1970.

Mimi mwenyewe nilikuwa na deni la kunyamaza kwangu, nikalilipa kwa uchache. Nilitengeneza milio miwili katika simu yangu, mmoja wa Centaurus X-3, wa sekunde 4.84, na mwingine wa Hercules X-1, wa sekunde 1.24, nikaipeleka ufukoni kwa yule binti. Aliisikiliza jioni mbili. Jioni ya tatu alikuwa amegeuza debe la mafuta kuwa ngoma, mdogo wake akipiga mwendo wa haraka kwa kijiti, yeye akipiga mwendo wa polepole kwa kiganja, na wanunuzi wa mihogo wamesimama wakisikiliza. Akaniambia kuwa kuna kasoro, kwa sababu ngoma hizo mbili hazikubali kuonana. Huyu mzito, alisema, kila mara humtangulia yule mwepesi kidogo tu kabla ya pigo la nne. Nilikaa chini nikafanya hesabu juu ya kipande cha gazeti lililofungiwa mihogo, nikagawanya 4.84 kwa 1.24. Nilipata 3.9.